Utepe wa Karakana

Sitaitaja shule yenyewe, maana bado nafundisha hapo. Itoshe kusema ipo Mbagala, ndani ndani kabisa, upande ambao dereva wa bajaji akitajiwa huuliza kwanza kama jana mvua ilinyesha. Tulipoingizwa kwenye mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, tulijengewa karakana ya uchomeleaji: kuta za tofali, bati la bluu, mlango wa chuma wa mabawa mawili, na ndani mashine nne mpya kabisa. Mwalimu wake ndiye mimi, Tusajigwe. Nilichomelea mageti Vingunguti miaka tisa kabla sijashika chaki, na hasira zangu nilizipata huko huko.

Utepe mwekundu ulifungwa mlangoni Jumatano moja ya mwezi wa pili, kwa sababu Alhamisi mgeni rasmi angekuja kuzindua. Alhamisi mgeni rasmi akapata dharura. Tukala wali tuliompikia, tukakunja maturubai, na Ijumaa asubuhi nikaenda ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Audax.

"Mkuu, niwaingize watoto waanze?"

"Mwalimu Tusajigwe, karakana haijazinduliwa."

"Najua Mkuu. Lakini mashine zimo, nimezipanga kwa mikono yangu."

"Kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo," alisema taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto habari za umeme. "Kwa hiyo hizo mashine zimo ndani ya kitu ambacho hakipo. Watoto wa watu utawaingizaje humo?"

"Basi tuufungue utepe, akija tunaufunga tena."

"Utepe ukifunguliwa kwa mkono ni shughuli imevunjika. Mimi nimeshaandika barua kwamba karakana ni mpya. Unataka niitwe mwongo?"

Mwalimu Audax si mtu mbaya, nisije nikamwonea. Ni mtu wa utaratibu. Leso yake anaikunja kwa kufuata ukingo wa meza, na sijawahi kumwona akiruka mstari wa foleni hata ya chai. Ila siku ile nilitamani kumfunga huo utepe mdomoni.

Nusu nzima ya muhula ule nilifundisha uchomeleaji kwa chaki. Nilichora mashine ubaoni, wanafunzi wakashika kalamu kama wameshika chombo cha kuchomelea, wakainamia madawati na kutoa mlio kwa mdomo: tsss, tsss, tsss. Darasa la jirani walilalamika kwamba tunawapigia kelele. Mtihani wa katikati ya muhula niliusahihisha kwa sikio, na kijana mmoja anaitwa Elinaza alipata tisini na mbili kwa ubora wa cheche zake.

Aliyetutoa kwenye ujinga huo ni Rukaiya, binti pekee wa kidato cha pili aliyechagua vyuma. Ni mtoto mkimya, mrefu, mwenye tabia ya kukitazama kitu mpaka chenyewe kione aibu. Siku moja baada ya kipindi alibaki.

"Madam, samahani. Utepe si upo mlangoni tu?"

"Ndiyo."

"Na dirishani?"

Nilirudi ofisini mbio. Mkuu alifungua jalada la nyaraka, akasoma waraka mmoja baada ya mwingine huku akilamba kidole, ikapita kama nusu saa. Mwisho akavua miwani. "Dirisha," alisema, "halizinduliwi."

Basi somo letu la kwanza la vitendo likawa kukata grili ya dirisha kwa msumeno wa chuma, na la pili likawa kuitia bawaba ifunguke na kufungwa vizuri. Tangu siku hiyo tukawa tunaingia kazini kwa dirisha, mmoja mmoja, mimi nikiwa wa mwisho na ovaroli yangu, huku mlinzi wetu, Mzee Benson, akiwa amesimama mlangoni anaulinda utepe. Mkuu akipita hutusikia tunagonga vyuma ndani ya kitu ambacho hakipo, naye huendelea na safari yake.

Watoto walijua kazi, hilo naliapia. Kufikia mwezi wa sita walikuwa wametengeneza meza, mabenchi na rafu za maktaba, vingi vikapitishwa dirishani kwa ubavu. Rukaiya yeye akaomba kutengeneza kiti mwendo.

Mama yake, Bi Mwajabu, alikuwa akiuza vitumbua kituoni Rangi Tatu mpaka pikipiki ilipompanda. Mguu wa kushoto uliungwa ukatoka mfupi, wa kulia haukupata nguvu tena. Mwaka na nusu alikuwa ndani. Akitaka kuota jua, majirani wawili wanambeba na kiti cha plastiki, wanamweka barazani, na wakisahau kumrudisha anakaa hapo hapo mpaka wakumbuke. Rukaiya alikuwa amechoka kumwona mama yake anasahauliwa barazani. Aliniambia hivyo hivyo, bila kulia, na mimi ndiye niliyelia kwa niaba yake.

Tulikwenda kumpima nyumbani. Upana wa nyonga, urefu wa paja, mikono inafika wapi, kila kitu. Sehemu ya kukanyagia mguu wa kushoto tuliinyanyua vidole vinne kuliko ya kulia, na kiti chenyewe kikalazwa kidogo ubavuni kwa sababu mgongo nao ulikuwa umepinda kuufuata mguu. Rukaiya alikifanyia kazi wiki saba. Mishono yake ilitoka laini, nikaipitishia kidole nikakosa kasoro. Tulipaka rangi ya kijani, tukafunga magurudumu ya baiskeli, halafu tukakisukuma hadi dirishani.

Hakikupita.

Najua utaniuliza kwa nini hatukupima dirisha kwanza. Kwa sababu tulikuwa tumempima mama. Magurudumu tuliyafungua, bado fremu ikagoma. Na usiniambie habari ya kukikata na kukiunga upya. Chuma kikiungwa mara mbili mahali pale pale kinadhoofika, nimewafundisha mwenyewe, na huyo ni mtu atakayekikalia. Nilimwendea Mkuu kuomba mlango ufunguliwe dakika mbili tu.

"Kiti kimetengenezwa wapi?" aliuliza.

"Karakanani, Mkuu."

"Karakana ipi?"

Nilitoka bila kuaga.

Ikawa sasa Bi Mwajabu anamsubiri mgeni rasmi kuliko mtu yeyote nchini. Kila tarehe mpya ilipotangazwa alipaka hina mikononi na kwenye nyayo, akatoa kanga mpya, akaketi kusubiri. Mwezi wa saba mgeni alikuwa na kikao. Wa nane, msiba. Wa tisa mara mbili: kwanza gari liliharibika, halafu likapona lakini yeye akawa safarini. Hina ikafifia, akapaka nyingine. Rukaiya alikuwa akija asubuhi namuuliza mama hajambo, ananijibu, "Hajambo, madam. Anakauka."

Utepe nao ulipauka kwa jua ukawa wa rangi ya ulimi wa mgonjwa. Mkuu hakutaka kuubadilisha, maana utepe mpya ni shughuli mpya na barua mpya, kwa hiyo akawaagiza vijana wa mkondo wa rangi waupake rangi ya mafuta. Waliupaka. Mvua za vuli zikaanza, wakaupaka tena, halafu tena. Upepo ukivuma ulikuwa unagonga mlango kwa sauti ya kipande cha bati.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja simu ikapigwa: mgeni rasmi anakuja kesho, na safari hii kweli, maana waandishi wa habari wameshapewa chai. Mkuu aliingia karakanani kwa mara ya kwanza. Alipita dirishani na suti yake, nikamshika kiuno. Akasimama katikati, akatazama mashine zenye masizi, glavu zilizotoboka, mabenchi, kiti cha kijani, kisha akashika kichwa.

"Mmezitumia!"

"Ndiyo kazi yake, Mkuu."

"Mwalimu, kesho mtu mzima anakuja kukabidhi vifaa vipya! Atakabidhije kitu kilichochakaa? Vioshwe vyote. Virudi kwenye maboksi yake, nimeyatunza. Na hicho," akakinyooshea kiti kidole, "kikatwe. Hicho ni ushahidi."

Rukaiya alikuwa amesimama kando ya kiti. Aliweka mkono juu ya egemeo na hakuutoa.

"Mkuu," nilisema, na sauti yangu ya Vingunguti ilikuwa inakuja juu, "ukikata hiki nakwambia kesho nitasimama mbele ya hao waandishi niseme mwenyewe."

Tukatazamana. Binti ndiye aliyetuokoa tena.

"Mkuu, shikamoo. Samahani. Kitu kikiwa kwenye boksi si kinakuwaga kipya?"

Utaratibu wake wenyewe ulikuwa umemfunga. "Kikiwa kwenye boksi," alikiri, "ni kipya."

"Basi na kiti tukitie kwenye boksi. Mgeni akikabidhi, kinatoka kwa mlango."

Mkuu alikubali, kwa sharti moja. Wageni walikuwa wameomba binti mmoja ajaribu kuchomelea mbele ya kamera, mara yake ya kwanza kabisa kugusa mashine, na binti tuliyekuwa naye ni huyo huyo. "Kwa hiyo kesho hujui," alimwambia. "Hujawahi kuiona. Ukijua tu, mimi mwongo, na boksi halifunguliwi."

Rukaiya alimtazama, akakitazama kiti. "Sijui, Mkuu," alijibu.

Mchana ule nilifundisha vipindi viwili vya kutojua. Ni somo gumu kuliko yote niliyowahi kufundisha. Nikimwambia mtoto ashike chombo vibaya, mkono unajirudisha wenyewe. Elinaza alijaribu mara nne kuharibu mshono na mara zote ukatoka safi, akaanza kutokwa jasho na kuniomba msamaha. Rukaiya peke yake ndiye aliyeweza. Aliunguza kipande cha bomba kikawa na mabonge na matundu ya kutia huruma, akaniuliza kama hapo hajui vya kutosha. Nilimwambia amepata mia. Nilijisikia vibaya mno, kuliko siku yoyote tangu niwe mwalimu.

Kesho yake mgeni rasmi akaja. Mwanamume mnene mpole, suti ya kahawia, anacheka na kila mtu. Maturubai yalikuwepo, muziki wa singeli ulipigwa, risala ikasomwa. Bi Mwajabu aliletwa na majirani wawili juu ya kiti chake cha plastiki, hina ya tano mikononi, wakamweka safu ya mbele. Hakuwa na habari ya mpango wa kutojua. Rukaiya hakuthubutu kumwambia.

Mgeni alipewa mkasi kwenye sinia lenye kitambaa. Akaubana utepe. Mkasi ukateleza. Akaubana tena kwa mikono miwili, mkasi ukapinda. Rangi ya mafuta ilikuwa imekauka tabaka kwa tabaka, utepe umekuwa mgumu kama mkanda wa fundi.

"Utepe wa aina gani huu?" aliuliza.

"Imara, mheshimiwa," alisema Mkuu.

Ulijaribiwa mkasi wa jikoni, halafu panga la Mzee Benson. Grenda ya kukatia chuma ilikuwa ndani, kwenye boksi, mpya, nyuma ya utepe. Mwisho Rukaiya alizunguka nyuma ya jengo, penye dirisha letu, na sote tukajifanya hatumwoni, akarudi na msumeno wa chuma. Mgeni rasmi akavua koti, akaukata utepe kwa msumeno dakika tatu nzima, huku mshereheshaji akihesabu na umati ukipiga vigelegele. Alisema hajawahi kuona kitu kilichogoma kuzinduliwa hivyo.

Mlango ukafunguliwa. Watu wakajaa kizingitini na madirishani, na Bi Mwajabu akasogezwa mpaka mbele. Boksi la kwanza likafunguliwa, mashine ikawashwa, Rukaiya akavaa ngao ya uso.

Aliharibu vizuri. Aliutetemesha mkono, cheche zikaruka kwenye viatu vya waandishi, rodi ya kuchomelea ikaganda kwenye chuma akawa anaivuta kama anavuta mbuzi. Umati ulicheka. Mgeni rasmi alimpigapiga bega. "Usijali, mwanangu. Polepole utajua. Ndiyo maana tumewaletea vifaa."

Mimi nilikuwa namtazama Bi Mwajabu. Miezi yote hiyo binti yake alikuwa akirudi nyumbani na alama za cheche mikononi, anamsimulia mishono. Sasa mama alikuwa ameinamisha uso, anazitazama hina zake. Alidhani amedanganywa. Nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka boksi, nikang'ata ulimi.

Lile boksi lilikuwa la mwisho. Likafunguliwa, kikatoka kiti cha kijani. Mgeni akaangalia karatasi yake.

"Hiki kwenye orodha sikioni."

"Nyongeza," alisema Mkuu, jasho linamtoka. "Kutoka kiwandani."

"Safi sana! Hebu tukione." Mgeni rasmi akakikalia. Akainama upande. Akajisogeza, akainama zaidi, goti la kushoto likamfika karibu na kidevu. Akajaribu mshereheshaji, naye nusura aanguke. Mzee Benson alikaa akasema kinamfinya nyonga na kumning'iniza mguu. Mwandishi mmoja akauliza kama kimeharibika safarini.

"Kibovu hiki," alisema mgeni kwa masikitiko. "Viwanda vingine bwana! Kirudishwe."

"Hapana!" Nilisema kwa nguvu mpaka nikajishtukia. "Mheshimiwa, yupo mama pale ana shida ya miguu. Ajaribu yeye kwanza."

Majirani walimnyanyua Bi Mwajabu, wakamweka. Hata asiyejua lolote aliona. Mguu mfupi ulitua juu ya sehemu yake, mrefu ukatua juu ya yake. Mgongo ukalala penye mlalo. Mikono ikafika kwenye magurudumu bila kujinyoosha wala kujikunja. Mama yule alikuwa amenyooka kwa mara ya kwanza tangu pikipiki impande.

Mgeni rasmi alikizunguka kiti mara mbili. "Ajabu," alisema. "Hao watu wa kiwandani ni kama wanamjua huyu mama."

Bi Mwajabu alipitisha vidole chini ya egemeo, penye mshono, taratibu, kwenda na kurudi. Kisha akanyanyua uso.

"Wananijua, baba," alisema. "Mmoja nimemzaa mwenyewe."

Mkuu alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye boksi.

"Rukaiya," mama aliita, "mie nimekaa ndani miezi yote hii nasikiliza hadithi za mishono. Waoneshe hawa watu."

Rukaiya alimgeukia Mkuu. Mkuu alikuwa anatazama sakafu. Basi akaniangalia mimi, na mimi nikamwambia, "Haya, mwanangu. Sasa unajua." Akashusha ngao usoni, akachukua kile kile kipande alichokiharibu, na kwa pumzi moja akapitisha mshono ulionyooka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliponyanyua ngao, machozi yalikuwa yamemfika kidevuni.

Mgeni rasmi alikishika kipande kwa koleo, akakitazama. Akatazama dirisha lenye grili ya bawaba. Akatazama maboksi, na masizi yaliyosahauliwa ukutani.

"Mwalimu mkuu," alisema kwa upole, "mimi leo nimezindua nini?"

Mwalimu Audax alisimama, akajiweka sawa tai. Mtu wa utaratibu hakosi jibu.

"Mlango, mheshimiwa."

Mgeni alicheka mpaka akaomba maji. Alipomaliza akasema mlango nao ni kitu muhimu katika elimu, waandishi wakaandika. Bi Mwajabu akajisukuma kuelekea nje, akafika kizingitini, akasimama: kulikuwa na ngazi mbili. Hakuna aliyekuwa amezifikiria. Majirani wake walimnyanyua pamoja na kiti, wakamshusha uwanjani. Akasema hiyo ndiyo iwe mara ya mwisho, hataki tena kubebwa na watu wanaomsahau.

Jumatatu vijana wa mkondo wa uashi waliamkia kazi. Hadi Alhamisi walikuwa wamemwaga zege, mteremko mzuri kutoka mlangoni mpaka kwenye njia. Zege ilipokauka, Mkuu alikuja na utepe mpya, akaufunga juu ya mteremko, akanieleza kwamba barua imeshakwenda na mgeni rasmi amethibitisha kwa wiki ijayo. Sikuwa na nguvu ya kugombana. Niliwaambia watoto, "Haya, dirishani," na tukaanza kupanda.

Nilikuwa na mguu mmoja ndani na mmoja nje nilipomwona Bi Mwajabu anaingia getini, peke yake, hakuna anayemsukuma, ndoo ya vitumbua mapajani. Alikuja kuwashukuru watoto. Mkuu alikwenda kumlaki na mkono ameunyoosha.

"Mama, subiri kidogo, hapo bado hapajazinduliwa."

"Marahaba, mwalimu," alijibu Bi Mwajabu, ingawa hakuna aliyemwamkia, na akapandisha mteremko. Utepe ulimgusa kifuani, ukavutika, ukakatika. Kipande kimoja kilinasa kwenye gurudumu la kushoto, kikaendelea kuzunguka nalo hadi ndani ya karakana.